Sanduku la Barua: Shekhar Mehta, Safari Tano na Miaka Sita ya Kungoja

Katika toleo la mwezi uliopita tulichapisha makala fupi kuhusu madereva wa Afrika Mashariki waliotamba katika mbio za magari za Safari, na ndani yake tukamtaja Shekhar Mehta kwa mistari minne tu. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba mistari minne ilikuwa michache mno. Nimechagua hapa zile ambazo maswali yake yanashikana, na waandishi wake nimewataja kwa miji wanayotoka, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Mhariri, kwetu Jinja wazee husema kwamba Mehta alikuwa mtoto wa Uganda, lakini kila ninaposoma habari zake naona ameandikwa kuwa Mkenya. Ukweli ni upi, na ilikuwaje akabadili bendera? – Msomaji wa Jinja

Wazee wenu wako sahihi, na waliomwandika kuwa Mkenya nao hawakukosea. Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa, na alianza mashindano mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 21, kwa gari aina ya BMW. Zama hizo Safari ilikuwa mali ya nchi zote tatu. Ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa hiyo dereva wa Uganda hakulazimika kuhama kwao ili apate kujulikana. Mwaka 1971 Mehta alimaliza wa pili kwa Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo. Mtu anayeshika nafasi ya pili katika Safari kabla hajatimiza miaka 26 ana haki ya kuamini kwamba zamu yake imekaribia.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Familia ambazo babu zao walizikwa katika ardhi hiyo zikafunga nyumba na maduka, zikaacha mashamba na viwanda, na nyingi kati yao zikaelekea Uingereza, Kanada na India. Mehta alihamia Kenya, na tangu hapo jina lake likawa linaandikwa pamoja na bendera ya Kenya.

Sasa hebu tuitazame kalenda. Tangu tangazo lile hadi Pasaka ya Aprili 1973, Safari ilipofanyika, ilipita miezi minane na nusu hivi. Hata mtu aliyehama kwa hiari yake huwa bado anauliza njia ya sokoni katika muda huo. Mehta katika muda huo aliishinda Safari, tena Safari ya kwanza kuhesabiwa katika Ubingwa wa Dunia wa mbio za magari, ambao ulianzishwa mwaka huo huo wa 1973.

Naomba nisieleweke kwamba kufukuzwa ndiko kulikomfanya bingwa. Wako wengi waliofukuzwa siku zile ambao hawakushinda chochote baadaye; walipoteza tu, na habari zao haziandikwi magazetini. Ila Mehta alikuwa amebeba kichwani ujuzi wa njia za ukanda huu: udongo upi unateleza mvua inapoanza na upi unakuwa kama gundi, mto upi hujaa usiku na kupungua alfajiri. Mali ya namna hiyo haikaguliwi mpakani.

Nimesoma kwamba mwaka 1973 Mehta na dereva mwingine walilingana kabisa. Inawezekanaje magari mawili yakimbie siku kadhaa na yalingane? Na kama yalilingana, kwa nini mmoja akapewa ushindi? – Msomaji wa Mombasa

Inawezekana kwa sababu Safari ya zamani haikupimwa kama mbio za leo. Siku hizi dereva hukimbizwa peke yake katika vipande vifupi vya barabara iliyofungwa, na saa huhesabu hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Wakati ule barabara zilikuwa wazi kwa watu wote. Gari la mashindano lilikutana na basi, na ng'ombe, na mkokoteni, na mwenyeji aliyekuwa akirudi zake kutoka kanisani. Kila gari lilipangiwa saa ya kufika katika kila kituo cha ukaguzi, na aliyechelewa aliandikiwa adhabu ya dakika alizochelewa. Mwisho wa safari adhabu zilijumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Kwa kuwa hesabu ilikuwa ya dakika nzima, watu wawili kufikia jumla moja halikuwa jambo la muujiza, ingawa kutokea kwa nafasi ya kwanza ilikuwa nadra.

Dereva wa pili unayemwulizia ni Harry Källström wa Uswidi, na yeye pia aliendesha Datsun, isipokuwa lake lilikuwa 1800 SSS wakati Mehta na mwelekezi wake, yaani mwenzake anayekaa kando ya dereva na kumwongoza njia, Lofty Drews, walikuwa na 240Z. Walifika na adhabu sawasawa, na kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi. Wa tatu alikuwa Ove Andersson kwa Peugeot 504.

Wapo waliousema ushindi huo kuwa wa karatasi. Mimi sikubaliani nao, maana kanuni zilijulikana kabla ya gari la kwanza kuondoka. Lakini naelewa kwamba mtu aliyeshinda kwa namna hiyo hubaki na deni la kushinda tena, bila ya sare. Deni hilo Mehta alichukua miaka sita kulilipa, na hapo ndipo linapokuja swali la kijana wetu wa Moshi.

Shikamoo Mhariri. Mimi nina miaka 26 na nashiriki mashindano madogo ya magari huku Kaskazini. Mara tatu mfululizo sijamaliza: mara ya kwanza rejeta, mara ya pili ekseli, mara ya tatu niligonga mti kwa kosa langu mwenyewe. Aliyekuwa akinisaidia mafuta na matairi amejitoa. Ndugu zangu wananiambia niuze gari nifanye biashara. Nataka kujua Mehta alifanya nini kati ya 1973 na 1979 hata asikate tamaa. – Msomaji wa Moshi

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu iliyonipendeza zaidi ni hayo maneno "kwa kosa langu mwenyewe", ambayo madereva wengi huwa hawayaandiki.

Tuanze na yale yaliyokuwa yakitokea mbele ya macho ya Mehta katika miaka hiyo. Mwaka 1974 Safari ilichukuliwa na Joginder Singh kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1975 ilikwenda kwa Ove Andersson na Peugeot 504. Mwaka 1976 Joginder akairudia. Mwaka 1977 Björn Waldegård wa Uswidi alishinda kwa Ford Escort, na mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa Peugeot. Hiyo ni miaka mitano ya kuwapigia wengine makofi, kwa mtu ambaye tayari alikuwa amepanda jukwaa la juu na kulionja. Na bado waliokuwa wakisema kwamba aliokolewa na kanuni walikuwa hai na wanazungumza.

Alichofanya ni kuendelea kushiriki, na najua kwamba jibu hilo linaonekana jepesi mno. Lakini zingatia Safari ilikuwa nini. Ilikuwa takriban kilomita 5,000 za vumbi, mawe na matope, usiku na mchana, katika msimu wa mvua za masika, na mapumziko ya saa chache tu njiani. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 vilevile saba, wakati walioondoka walikuwa makumi kwa makumi. Katika mashindano ya namna hiyo, kutomaliza ni hali ya kawaida na kumaliza ndiko kunakohitaji maelezo. Ukiyatazama hivyo, mara zako tatu bado ni chache.

Kwa hiyo Safari haikumpenda dereva mwenye kasi kuliko wote. Ilimpenda yule aliyejua pa kuiacha kasi. Wageni walikuja na magari mazito ya nguvu, wakaongoza hadi Taita au hadi kwenye miteremko ya Mau, kisha springi ikakatika au gari likazama kwenye dimbwi ambalo mwenyeji angelizunguka. Mehta alijifunza kulitunza gari mapema ili alitumie mwishoni, na ujuzi huo haufundishwi katika mwaka mmoja, kwa sababu kila mwaka mvua hubadilisha barabara, na somo la mwaka huu hulielewi vizuri mpaka ulirudie mwaka ujao.

Tazama basi matunda yake. Mwaka 1979, akiwa na Datsun 160J, gari dogo la silinda nne ambalo mtu wa kawaida angeweza kuliona limeegeshwa nje ya ofisi ya posta, na akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty, alimwacha nyuma Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes ya lita tano. Mwaka 1980 akashinda tena. Mwaka 1981 akashinda tena, na mwaka huo huo alimaliza wa tano katika Ubingwa wa Dunia wa madereva, nafasi ambayo ndiyo ya juu kabisa aliyowahi kuifikia katika hesabu hiyo. Mwaka 1982 akashinda mara ya nne mfululizo, na aliyemfuata safari hiyo alikuwa Mjerumani Walter Röhrl, ambaye alimaliza mwaka ule akiwa bingwa wa dunia. Katika miaka yote minne aliyekaa kiti cha mwelekezi alikuwa yule yule Doughty. Hilo lisikupite, maana vijana huhesabu nguvu ya injini wakasahau kwamba kuna mtu wa pili ndani ya gari, na kuaminiana kwa watu wawili nako huchukua miaka.

Kuhusu ndugu zako, sitakuambia usiwasikilize. Mbio za magari hula pesa kama moto unavyokula makuti, na anayekuambia ukope ili ununue ekseli hakutakii mema. Lakini kati ya kuuza gari na kukopa kuna njia ya tatu, nayo ni kukaa kiti cha mwelekezi kwa msimu mmoja au miwili katika gari la mtu mwingine, au kuingia kwenye kikosi cha mafundi wa timu kubwa. Utaziona barabara bila kuzilipia. Na kabla ya hayo yote, rejeta na ekseli zichunguze tena: kama zilivunjika mahali palipokuwa na njia ya kuzunguka, basi nazo ziandike chini ya ule mti.

Mhariri, huwa mnatusimulia habari za kutokata tamaa kana kwamba moyo peke yake unatosha. Mehta alitoka katika familia tajiri na aliendesha magari ya kiwanda. Mtoto wa fundi wa Kariobangi angefika wapi kwa moyo huo huo? – Msomaji wa Nairobi

Hoja yako ni ya haki na sitaipunguza makali. Mehta hakuanzia chini. BMW aliyoanzia akiwa na miaka 21, mwaka 1966, vijana wengi wa Kampala wa umri wake waliiona kwa nje tu. Hata alipopoteza makazi hakupoteza jina lake wala watu wa Datsun waliokuwa wakimjua, na hicho ni kinga ambayo mkimbizi wa kawaida hana. Kizuizi alichokivuka kilikuwa cha kweli, lakini alikivuka akiwa na ngazi.

Hata hivyo umeuliza kuhusu mtoto wa fundi, na bahati nzuri jibu lipo katika historia ya Safari hiyo hiyo. Joginder Singh, niliyemtaja hapo juu, alizaliwa Kericho mwaka 1932, baba yake akiwa na gereji, na alijifunza magari kwa kuyafungua na kuyafunga. Mwaka 1965, akiwa na mdogo wake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, siyo gari jipya lililoletwa kwa meli kwa ajili yake. Akashinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili akiwa na David Doig. Lakini takwimu yake ninayoipenda kuliko ushindi wote huo ni kwamba alianza Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Ukikumbuka yale magari saba ya 1963 na 1968, utaona kwa nini Wakenya walimpa jina la Simba. Mikono iliyozoea spana husikia mlio wa gia kabla haujawa ugonjwa.

Bado hoja yako inabaki imesimama kwa upande mmoja. Gharama za leo si za 1965, na Volvo iliyotumika haitamfikisha mtu popote katika Safari ya sasa. Njia aliyopita Joginder imezibwa, na sidhani kwamba kuna anayejishughulisha sana kuizibua.

Je, ustahimilivu hulipa sikuzote? Nauliza kwa sababu tunasikia habari za walioshinda tu. – Msomaji wa Dodoma

Hapana. Rauno Aaltonen wa Finland alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1965 na mshindi wa mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1967. Alikuja kwetu mwaka baada ya mwaka kuitafuta Safari, akamaliza wa pili mwaka 1977, wa tatu mwaka 1979, wa pili mwaka 1980, wa pili tena mwaka 1981, na wa pili mwaka 1984 alipokuwa na miaka 46. Hakuishinda hata mara moja. Ile miwili ya 1980 na 1981, aliyemzuia alikuwa Mehta, tena wakiwa timu moja ya Datsun.

Nilisikia kwamba Mehta alipata ajali mbaya na ndiyo iliyomtoa kwenye mbio. Ilikuwaje, na aliishia wapi? – Msomaji wa Tanga

Ajali hiyo haikutokea katika Safari. Ilitokea Misri mwaka 1987, katika Mbio za Mafarao zinazokimbiwa jangwani, akiwa na Peugeot. Aliumia vibaya, kupona kwake kukachukua muda mrefu, na maisha yake ya mashindano yakaishia hapo.

Kwa dereva, kuacha kwa namna hiyo ni kugumu kuliko kushindwa. Aliyeshindwa hupanga mwaka ujao. Aliyevunjika mwili hana mwaka ujao wa kuupanga. Mkewe, Yvonne, alikuwa akiujua mchezo huu kwa ndani, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwelekezi na alikaa kando ya mumewe katika mashindano mbalimbali ya kimataifa. Nafikiri nyumba yenye watu wawili wanaoelewa jambo moja ilisaidia, ingawa hiyo ni dhana yangu tu. Mehta aliporudi kwenye mbio alirudi kwa mlango wa utawala, akashika wadhifa wa kuongoza kamisheni ya rally katika shirikisho la kimataifa la magari, FIA. Yule aliyekuwa akiandikiwa adhabu za dakika vituoni akawa miongoni mwa waliozitunga kanuni zenyewe. Alifariki London mwezi Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukitoroka nyumbani siku za Pasaka na kwenda kukaa juu ya tuta la barabara kuanzia alfajiri, tukihesabu mavumbi yaliyokuwa yakija kwa mbali, na kila kijana alikuwa na dereva wake. Mimi sikuwa wa Mehta. Nilikuwa nikimwona mzito wa kuondoka, nikawashangilia wageni waliopita kwa kishindo, na jioni redio ilipotangaza nani bado yumo na nani ametoka, nilikuwa nikinyamaza. Safari iliondolewa katika Ubingwa wa Dunia baada ya mashindano ya 2002, ikarudishwa mwaka 2021 huko Naivasha, na Mehta hakuwapo kuiona ikirudi.

Mhariri, mwezi uliopita mliandika kwamba Mehta alishinda Safari mara nne. Je, si mara tano? – Msomaji wa Arusha

Ni mara tano: 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982. Aliyetuandalia makala ile alihesabu zile nne za mfululizo akaiacha ya kwanza, ile ya sare. Hakuna dereva mwingine aliyefikisha tano, wala nne za mfululizo. Tunaomba radhi, na tumerekebisha katika jalada letu.